Kufanya waringi upya wa bapa la upanga, maana yake nini hasa

Kwanza tuondoe utata, fensi ninayoongelea hapa sio uzio wa umeme wa kuzuia wezi, ni ule mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba huku mmevaa barakoa za wavu. Na upanga wa umeme haupigi mtu shoti, kuna kaumeme kadogo sana kanakopita kwenye waya ili mashine ijue umemgusa mwenzako na iwashe taa, basi.

Panga ziko aina tatu. Seba haina waya kwenye bapa kwa hiyo iweke pembeni. Foili ina waya mmoja na epei ina waya mbili, na hizo waya zinalala ndani ya kamfereji kanakotoka kwenye ncha mpaka kwenye kikombe cha kukinga mkono, zimegandishwa na gundi. Kwenye epei saketi iko wazi muda wote, ukibonyeza ncha waya mbili zinaungana na taa inawaka. Foili ni kinyume chake, saketi imefungwa muda wote, ukibonyeza inakatika. Ndo maana waya wa foili ukikatika taa nyeupe (ya kugusa sehemu isiyo na pointi) inawaka hovyo hata hujamgusa mtu, ila wa epei ukikatika unachoma weee na hakuna kinachowaka.

Sasa bapa linapindwa kila ukichoma, leo kesho keshokutwa, mwisho gundi inaachia, waya unanyanyuka, unakatika. Kutoa waya wa zamani na kubandika mpya ndo kufanya waringi upya. Lakini kabla hujabomoa chochote fungua ncha uisafishe, halafu jaribu waya mwingine wa mwilini (ule unaopita ndani ya nguo kutoka kwenye upanga kwenda kuungana na mashine), maana watu wengi wanang'oa waya mzima kumbe tatizo lilikuwa uchafu tu kwenye springi.

Watu wanadhani kazi ngumu ni waya, hapana, kazi iko kwenye kusafisha mfereji. Gundi ya zamani lazima itoke yote, unailainisha na asetoni (fungua madirisha na usiwe karibu na moto, ile kitu inawaka haraka) halafu unakwangua na kitu chembamba chenye ncha, unapaka tena, unakwangua tena, inachosha kweli. Ukiacha hata kipande kidogo waya utakaa juu yake kama kamba juu ya jiwe na hapo ndo patakapokatikia. Pia usiguse mfereji na vidole ukishamaliza, mafuta ya ngozi yanafanya gundi isishike.

Waya mpya unakuja umeshaungwa na kikombe kidogo kinachokaa ndani ya ncha. Unaupitisha kwenye tundu la mbele taratibu, kisha unalipinda bapa kama upinde kwa kulifunga kamba, mfereji ukiwa upande wa nje wa mpindo, na unauvuta waya ukae umenyooka kidogo. Hapo waya wenyewe unajilaza chini kabisa ya mfereji, na siku bapa likipindwa kwenye mechi hautavutwa zaidi ya ulivyovutwa siku ya gundi. Ukibandika bapa likiwa limenyooka waya utakosa urefu, mimi la kwanza nilifanya hivyo na halikumaliza hata wiki. Gundi ni supaglu nyepesi, tone moja moja, usiimwage, na uiache ikauke bila haraka.

Kwenye shina (kile chuma cha mwisho wa bapa kinachoingia kwenye mshikio), kabla ya mshikio, waya unavalishwa kamrija ka plastiki usichubuliwe na chuma, maana ukichubuka hapo unapata shoti na bapa zima.

Mwisho unapima na mita ya umeme kama saketi imeungana. Epei ina pini tatu pale waya wa mwilini unapochomekwa, pini mbili zilizokaribiana zisome pale tu ukibonyeza ncha, na ile pini iliyojitenga isisome na yoyote kati ya hizo. Foili isome bila kubonyeza na ikate ukibonyeza. Halafu springi, ncha ya epei inatakiwa inyanyue uzito wa gramu 750 na ya foili gramu 500, ukiweka kauzito hako juu ya ncha iliyobonyezwa na ncha isirudi, vuta springi kidogo au weka mpya. Foili usisahau kuizungushia tepu sentimita 15 za mwisho, la sivyo ubavu wa bapa ukigusa koti la mwenzako (lile linalopitisha umeme) mambo yanavurugika na refa atakurudisha kuibadilisha.