Karatasi ni yako, shahada ni habari nyingine

Wiki hii mteja wa tatu mwaka huu ambaye chuo kinataka kumfutia shahada ameniwekea mezani cheti chake, kimo ndani ya fremu, kioo kimepanguswa kikang'aa. "Wakili, hii ni mali yangu. Joho nilishavaa, chuo kinanigusia wapi?" Mwenzake aliyemtangulia alikuwa amekwenda kukificha cha kwake kwa shemeji.

Jamani. Karatasi baki nayo, itundike hata chooni. Shahada ni tamko la chuo kwamba fulani ametimiza masharti, na tamko hilo linakaa kwenye rekodi za msajili. Mwajiri akiuliza, atajibiwa kutoka huko.

"Lakini kanuni hazisemi popote kwamba seneti ya chuo inaweza kufuta shahada." Huenda hazisemi. Mwaka 1986, katika kesi ya Waliga dhidi ya Kent State University, Mahakama ya Juu ya Ohio, Marekani, ilisema chuo chenye mamlaka ya kutunuku kina mamlaka ya kubatilisha kwa sababu nzito kama udanganyifu, mradi mhusika atendewe haki. Texas nako mwaka 2023 mahakama ya juu iliishia hapo hapo. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni neno "kunyang'anywa". Kama tasnifu ilinakiliwa, shahada hukuipata kihalali tangu siku ya kwanza. Chuo kinasahihisha rekodi yake, hakikuadhibu. Wahitimu huichukia hoja hii, nami huwaambia waikumbatie, kwa sababu inakifunga chuo pia. Ikiwa kazi ni kusahihisha, basi uliyoyafanya baada ya mahafali hayamo. Zozana na mkuu wa chuo, fungwa kwa wizi: mtihani uliofaulu haugeuki ukawa umefeli.

Ningependa sheria iwe nyoofu hivyo kila mahali. Sivyo. Mwanafizikia Jan Hendrik Schön alivuliwa udaktari na Chuo Kikuu cha Konstanz mwaka 2004 kwa data alizoghushi katika utafiti wa baadaye, wala si kwa sababu ya tasnifu yake. Sheria ya huko iliruhusu kumwondolea mtu shahada kwa "kutostahili", na mwaka 2013 mahakama ya juu ya utawala ya Ujerumani ikaubariki uamuzi huo. Sijaridhika hadi leo. Kutostahili kunapimwa na nani? Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Bonn kilimfutia mwandishi Thomas Mann udaktari wa heshima kwa kuwa Wanazi walishamvua uraia. Najua, shahada ya heshima ni jambo jingine kabisa. Bado nasitasita.

Utetezi wa kweli uko kwenye utaratibu. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua mwanazuoni Richard Bentley shahada zake mwaka 1718. Mwaka 1724 alirudishiwa kwa amri ya mahakama, kwa vile hakusikilizwa. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Adamu aliitwa ajieleze kabla ya kuhukumiwa. Barua ya mteja wangu ina mistari minne: "udanganyifu wa kitaaluma", fika mbele ya kamati Alhamisi saa tatu. Sura ipi? Ukurasa upi? Hakuna. Barua hiyo naibomoa kabla chai haijapoa.

Tatizo ni kwamba chuo kitaandika nyingine, safari hii na kurasa zote, na kitaanza upya kwa usahihi. Kwa hiyo nimemuuliza kama sura ya tatu aliiandika mwenyewe. Amechukua leso, ameanza tena kupangusa kioo.