Hatua Moja Kati ya Boti na Ngazi

Meli inayosubiri nafasi nje ya Ghuba ya Tanga hufikiwa kwa boti. Rubani wa bandari, wakala, afisa afya na fundi, wote hupandia ngazi ya kamba iliyoning'inia ubavuni. Chongoleani, hapo hapo Tanga, nako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443 linaishia kwenye gati la kupakilia meli lililoingia baharini, na kazi za huko zinahitaji watu wa kuvushwa kwa boti. Wengi wao si mabaharia, na makala hii inawalenga wao kwanza.

Ngazi imetulia, boti inapanda na kushuka. Atakayeikanyaga ngazi boti ikiwa chini, wimbi linalofuata litaileta boti juu na kumbana miguu kati ya ukingo wa boti na ubavu wa meli. Kwa hiyo hatua ya kupanda hupigwa boti ikiwa kileleni mwa wimbi, ikikaribia kuanza kushuka. Ukishakanyaga usisite: panda vipago (vikanyagio vya ngazi) vitatu au vinne mfululizo, uwe juu ya pale boti inapoweza kufika. Tazama mawimbi kadhaa kabla ya kuondoka, kwa sababu hayalingani. Makubwa huja kwa mafungu, kisha bahari hupoa kidogo. Usiruke kamwe. Ikibidi kuruka, boti haijakaa sawa, na nahodha aizungushe aanze upya.

Kushuka ni kugumu zaidi kwa sababu mtu haoni miguu yake. Simama kwenye kipago kilicho juu ya kimo cha boti ikiwa kileleni, na umsikilize baharia aliye sitahani. Yeye ndiye anayesoma wimbi na kusema "sasa". Akuongoze kwa kukugusa mgongoni, asikuvute mguu, maana mguu ukivutwa mikono hulegea.

Shika kamba za pembeni, si vipago. Kipago kinaweza kupinduka, na aliye juu yako anaweza kukukanyaga vidole. Apande mtu mmoja mmoja. Mikono yote miwili iwe huru, na mkoba upandishwe kwa kamba yake baada ya mwenyewe kufika. Mkoba wa begani umewaponza wengi: huhamisha uzito, hunasa, na mtu hutumia mkono mmoja kuuokoa. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Kandambili hazifai, wala miguu mitupu. Jaketi la kuokolea lifungwe mikanda yote, pamoja na ule unaopita kati ya miguu. Bila mkanda huo, ukianguka jaketi hupanda usoni nawe unateleza chini yake.

Kabla ya kuigusa ngazi, itazame kwa utulivu. Viwango vya kimataifa vimewekwa kwa ajili ya marubani, lakini ni kipimo kizuri kwa kila mtu. Vipago viwe sambamba na vyenye nafasi sawa, milimita 310 hadi 350. Vinne vya chini huwa vya mpira mgumu. Kuwe na mbao ndefu za kuzuia ngazi isijisokote, zenye mita 1.8 au zaidi. Ubavu wa meli ukizidi mita 9 juu ya maji, ngazi ya kamba peke yake haitoshi. Huunganishwa na ngazi ya mshazari ya meli. Muulize baharia wa juu ngazi imefungwa wapi. Uzito lazima ubebwe na kamba za pembeni zilizofungwa kwenye sitaha, si na kipago kilichowekwa juu ya reli. Kosa hilo halionekani kutoka chini, ndiyo maana linaua. Ngazi ikigusa maji, boti itaikanyaga na kuivuta. Omba ipandishwe.

Kwenye mitambo isiyoelea kuna jambo la ziada: maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na vipago vinavyoachwa wazi maji yakipwa huwa na ukoga na makombe makali. Kama kuna kamba ya mafundo ya kubembea kutoka boti hadi mtambo, ishikwe juu ya mabega. Aliyeishika chini hugonga maji boti inapodondoka.

Meli ikae kwa namna ya kuikinga boti, nawe upandie upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo. Kusi linapovuma kwa nguvu, hata bahari inayoonekana ya kawaida kutoka rasi ya Raskazone mjini Tanga huwa nyingine kabisa ukifika nje. Sehemu nyingi za kazi za baharini huacha kuvusha watu kwa boti mawimbi yakifika mita 1.5. Nasi tunasema wazi: hata chini ya hapo, anayevuka ana haki ya kukataa, na nahodha hapaswi kumbishia.

Mtu akianguka, maji yetu yana joto, kwa hiyo baridi siyo hatari ya kwanza. Hatari ni rafadha (panga za injini), na kubanwa kati ya boti na meli. Nahodha aiondoe injini kwenye gia mara moja, na baharia mmoja asimwondolee macho aliyeanguka, akimwonyesha kwa kidole muda wote. Boya lenye taa lirushwe karibu naye. Asogelewe polepole, apandishwe akiwa amelazwa inapowezekana, na akishafikiwa injini isiingizwe gia hadi miguu yake iwe ndani ya boti.