Je, wajua kwa nini sola iliyounganishwa na gridi huzimika umeme unapokatika?

Ni saa saba mchana, jua linawaka, na paneli zimetanda juu ya paa. Ghafla umeme wa gridi, yaani ule unaoletwa na nyaya za nguzoni, unakatika mtaa mzima. Hata katika nyumba yenye paneli feni inasimama na friji inanyamaza. Mwenye nyumba hudhani ameuziwa mtambo mbovu, kumbe ni mzima, na umefanya kile hasa ulichoundiwa.

Umeme unaotoka kwenye paneli hutiririka upande mmoja tu, kama ule wa betri. Wa gridi huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na katika baadhi ya nchi mara 60. Kazi ya inveta ni kuugeuza ule wa kwanza ufanane na huu wa pili. Inveta ya gridi isiyo na betri haijitungii mwendo wake yenyewe. Husikiliza gridi na kuifuata, kama mcheza ngoma anavyoshika mdundo wa mpigaji. Ngoma ikinyamaza, naye husimama.

Hata kama ingeweza kuendelea, isingeruhusiwa. Mfikirie fundi aliyepanda nguzo kutengeneza laini anayoamini haina umeme. Transfoma iliyo mtaani kwenu, inayoshusha maelfu ya volti hadi 230 za nyumbani, hufanya kazi pande zote mbili: umeme wa paa lako ukiingia kwa upande wa chini, upande wa juu hutoka maelfu ya volti. Huyo fundi anaweza kufa kwa sababu yako. Ndiyo maana kiwango cha IEEE 1547 cha chama cha wahandisi wa umeme, kinachotumika Marekani, kinataka inveta ijitoe ndani ya sekunde 2 gridi inapopotea. Kuna hatari nyingine pia: gridi ikirudi na kukuta nyumba ina mwendo wake tofauti, vifaa huweza kuungua.

Basi kwa nini mtu anunue mtambo usio na betri? Bei. Seli ya silikoni iliyoonyeshwa na maabara ya Bell mwaka 1954 iligeuza kuwa umeme takriban asilimia 6 ya nguvu ya jua. Paneli nyingi za leo hupita asilimia 20. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iligharimu karibu dola 100 kwa thamani ya pesa ya sasa, na leo kiwandani haifiki hata dola 1. Kwa hiyo mzigo mkubwa sasa hauko kwenye paneli. Uko kwenye inveta, nyaya, ufundi, na zaidi ya vyote betri, ambayo huchakaa na kudai nyingine wakati paneli bado zina miaka mingi ya kazi.

Gridi huchukua nafasi ya betri hiyo. Mchana ziada hutoka kupitia mita, usiku unarudishiwa. Swali ni unarudishiwa kwa hesabu gani. Kuna mahali uniti moja uliyotoa hufuta uniti moja uliyotumia. Kwingineko hununuliwa kwa bei ya chini, kwa kuwa bei unayolipa wewe imebeba nguzo, transfoma na mishahara ya mafundi. California imewapunguzia sana wateja wapya malipo ya ziada hiyo tangu Aprili 2023.

Palipo na utaratibu huo wa pili, uniti uliyoitumia mwenyewe ina thamani kubwa kuliko uliyoiuza. Pampu ya maji, kufua, kupiga pasi na kuchemsha maji ya kuoga vihamie mchana. Idadi ya paneli ipimwe kwa matumizi ya mchana, si kwa ukubwa wa paa. Na kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, naona busara ni inveta ya mseto, yaani inayoweza kufanya kazi na gridi na pia na betri, pamoja na betri ndogo ya taa, friji na intaneti tu. Gridi ikipotea, inveta hiyo hukata kwanza kiungo na laini ya nje, kisha huanza kupiga ngoma yake yenyewe humo ndani. Kununua betri ya kubeba nyumba nzima kwa ajili ya saa chache za giza ni kuzika akiba ya familia.

Kule kuzimika kunakowaudhi watu ndiko pia kulikofungua njia ya sola rahisi kuliko zote. Tangu 2024 Ujerumani inaruhusu mitambo ya hadi wati 800 inayofungwa kwenye baraza za ghorofa na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani, hata na mpangaji asiye na paa. Plagi hiyo ikichomolewa jua likiwa kali, inveta hupoteza gridi na kunyamaza papo hapo, na mtoto akigusa vile vyuma vya plagi havimrushi.