Usiniulize atafunga ngapi: ninavyokadiria takwimu za wadakaji wa NFL

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alinipigia simu saa moja kasoro asubuhi, hata chai sijanywa. Salamu hakuna. "Shem, Chase mwaka huu atafunga tachidauni ngapi?" Chase huyo ni mdakaji wa futiboli ya Kimarekani. Kazini kwa shemeji kule Dayton wana ligi ya fantasi (kila mtu anachagua wachezaji halisi, na takwimu zao ndizo pointi zake), na wiki ijayo wanachagua wachezaji. Mwaka jana alishika mkia, akavalishwa jezi ya timu asiyoipenda mwezi mzima, kwa hiyo safari hii hataki utani.

Nikamwambia kumi, labda kumi na moja.

Kimya. Kisha: "Si mwaka jana alifunga kumi na saba?" Ndiyo. "Ameumia?" Hajaumia. "Amezeeka?" Ana miaka 25. "Sasa wewe mtakwimu gani?"

Jibu lilikuwa refu kuliko salio la uvumilivu wake, nikamwahidi kuliandika. Basi ndilo hili, Agosti 2025, wiki chache kabla mpira haujaanza.

Kwa mliozoea FPL, ile fantasi ya Ligi Kuu ya England, mambo hayako mbali. Futiboli ya Kimarekani ina mrushaji mmoja, kwotabeki, ambaye karibu kila pasi ya mbele inatoka mkononi mwake. Wanaokimbia kwenda kuidaka ni wadakaji. Tunawahesabia vitu vitatu: wamedaka pasi ngapi, wamepata yadi ngapi, na wamefunga tachidauni ngapi, yaani mara ngapi wameufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho (ndiyo magoli yao). Msimu una mechi 17 kwa kila timu (hadi 2020 zilikuwa 16, kwa hiyo mtu akikulinganishia rekodi za zamani na za leo muulize kwanza za mechi ngapi). Kazi yangu ya mchana ni kukadiria hasara za magari kwenye kampuni ya bima hapa Columbus. Usiku nakadiria wadakaji. Hesabu ni ileile, ila gari halinitukani mtandaoni.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kuanzia mwisho. Anachukua yadi na tachidauni za mwaka jana, anaongeza kidogo kama anampenda mchezaji, anapunguza kidogo kama hampendi, kisha anaita hicho kitu makadirio. Mimi naanzia kwenye sinia.

Fikiria sinia la pilau la shughuli. Ukitaka kujua mtu mmoja atakula kiasi gani, usimtazame tumbo. Tazama sinia lina ukubwa gani, wamekaa wangapi kulizunguka, na yeye mkono wake una kasi gani. Pasi ambazo timu itarusha msimu mzima ndizo pilau. Wadakaji wenzake ndio waliokaa naye. Sehemu ya pasi anazorushiwa yeye ndiyo mkono wake. Yadi na tachidauni ni kushiba, na kushiba huja baadaye.

Tumchukue huyohuyo Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals. Mwaka 2024 alidaka pasi 127, akapata yadi 1,708 na tachidauni 17. Aliongoza ligi nzima katika vyote vitatu, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Kabla yake alikuwa Cooper Kupp mwaka 2021. Ila angalia sinia. Kwotabeki wao, Joe Burrow, alirusha pasi 652, hakuna aliyerusha nyingi zaidi msimu ule. Kwa nini? Kwa sababu ulinzi wa Bengals ulikuwa unavuja kama bati la kutu. Timu inayofungwa kila dakika haina muda wa kukimbiza mpira taratibu. Inarusha ili ifukuzie. Walimaliza na ushindi 9 na kupoteza 8, wakakosa hatua ya mtoano, wakamwondoa kocha wa ulinzi.

Kati ya pasi hizo 652, Chase alirushiwa 175. Hiyo ni asilimia 26.8, mkono mpana kwelikweli. Lakini jirani yake kwenye sinia, Tee Higgins, alicheza mechi 12 tu. Mechi tano kiti chake kilikuwa wazi, na pilau haiachwi ipoe. Mwezi wa tatu mwaka huu wote wawili wamesaini mikataba mipya minono, maana yake Higgins harudi nyuma wala haendi popote.

Kwa hiyo nafanya hivi. Burrow mwaka jana alirusha wastani wa pasi 38 na ushee kwa mechi, nampa 36.5, kwa sababu timu inayoongoza ligi kwa kitu chochote mwaka huu, mwaka unaofuata kwa kawaida huteremka kidogo. Chase nampa asilimia 26 ya hizo. Tunapata pasi 9.5 hivi kwa kila mechi. Mechi ngapi? Hapa watu huandika 17 bila kufikiri. Katika misimu yake minne Chase amecheza 17, 12, 16 na 17. Ukigawanya ni 15.5. Sisemi ataumia. Nasema simjui malaika wa nyonga, na mwaka 2022 nyonga ndiyo iliyomweka nje. Zidisha: pasi 147.

Sasa mikono yenyewe. Mwaka jana alidaka karibu 73 katika kila 100 alizorushiwa. Tangu aanze ni 68. Naweka 70. Pasi 103. Kwa kila anayorushiwa, iwe ameidaka au imeanguka, amekuwa akipata yadi 9.3 tangu aanze, basi hiyo naiacha kama ilivyo. Yadi 1,370, kama hesabu yangu ya leso la karatasi iko sawa.

Umeona kwamba mpaka hapa sijataja tachidauni. Nazo ndizo shemeji anazozitaka.

Tachidauni ni kitu kigumu kukikadiria kuliko vyote kwa sababu ni vichache, na vinategemea mahali mpira ulipo kuliko anayeucheza. Mdakaji akiangushwa yadi moja kabla ya mstari, kazi yote ameifanya yeye, na mchezo unaofuata jitu la kilo 110 linabebeshwa mpira, linaanguka mbele, linasherehekea. Kwenye jedwali mdakaji ana yadi nyingi na sifuri.

Hakuna mfano unaoniuma kama Calvin Johnson wa Detroit. Mwaka 2011 alifunga 16. Mwaka uliofuata, 2012, akapata yadi 1,964, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa hadi leo ninapoandika, baada ya kurushiwa pasi zaidi ya 200. Tachidauni? Tano. Mtu mwenye mwaka bora wa yadi katika historia ya ligi alifunga mara tano. Waliomnunua kwa sababu ya zile 16 walilia, na waliomkimbia kwa sababu ya zile tano walilia mwaka 2013 alipofunga 12 katika mechi 14. Mwili uleule, kocha yuleyule, kwotabeki yuleyule. Julio Jones naye, Atlanta, 2017: yadi 1,444, tachidauni tatu. Msimu uliofuata akakaa hadi mwezi wa kumi na moja ndipo akafunga ya kwanza, na bado akamaliza na nane na yadi 1,677.

Ndiyo maana idadi ya tachidauni ya mwaka jana haiingii kwenye hesabu yangu peke yake. Naichanganya na mambo mawili: alivyofunga tangu aanze, na wadakaji wote kwa jumla wanavyofunga. Chase kwa misimu minne amerushiwa pasi 582 akafunga 46, karibu 8 katika kila 100. Mdakaji wa kawaida ni karibu 5. Mwaka jana yeye alifika karibu 10. Nampa 7.2, kwa sababu ni mchezaji wa hali ya juu, na ubora wake umeonekana miaka minne, si mmoja. Mara 147, tunapata kumi na nusu. Shemeji, ndiyo hiyo kumi na moja yako.

Na kuna jambo moja ambalo jedwali la mwisho wa msimu linalificha. Kati ya zile yadi 1,708, mbili za mechi zake dhidi ya Baltimore zilimpa 193 na 264. Jumla 457. Zaidi ya robo ya mwaka mzima katika mechi mbili, na tachidauni tano kati ya 17. Bengals walipoteza zote mbili, 41 kwa 38 na 35 kwa 34. Ile ya pili niliitazama na watoto wamelala, Alhamisi usiku, nikizima sauti ili nisiwaamshe. Alidaka 11, akafunga tatu. Niliandika kwenye daftari "hii haihesabiki". Si kwamba haikutokea. Ni kwamba mtu akikuomba ukadirie mwaka ujao, huwezi kumwahidi usiku mwingine wa namna ile, wala huwezi kuapa hautakuja. Zitoe hizo mbili uone: mechi 15 zilizobaki ni yadi 83 kwa mechi. Nzuri mno. Ila ni binadamu.

Kwotabeki akibadilika, mimi sigusi sana idadi ya pasi anazorushiwa mdakaji mkubwa. Nagusa ubora wa pasi hizo. Mrushaji mpya, hasa kijana, humtafuta mtu anayemwamini, kwa hiyo mpira utakwenda kwake. Tatizo ni utafikaje. DeAndre Hopkins mwaka 2015 alipata yadi 1,521 akiwa Houston. Mwaka 2016 timu ikamleta Brock Osweiler kurusha, Hopkins akashuka hadi 954 na bado alikuwa anarushiwa mpira kila mara. Mwaka 2017 alirudi 1,378 na tachidauni 13. Mwaka huu ninayemwangalia kwa jicho hilo ni Justin Jefferson wa Minnesota. Sam Darnold, aliyemrushia mwaka jana akapata yadi 1,533, amekwenda Seattle. Anayekuja ni J.J. McCarthy, ambaye msimu wake wa kwanza mzima aliukosa kwa sababu ya goti. Jefferson nimemkata hadi 1,300 hivi. Moyo haukubali, maana mwaka 2023 alipata 1,074 katika mechi 10 tu na Kirk Cousins akaumia katikati ya msimu huo, lakini nikianza kuufuata moyo nitafunga blogu.

Wageni wa ligi, yaani wanaoanza msimu wao wa kwanza, nawapitia haraka kwa sababu sina cha kujivunia. Mchezaji aliyechaguliwa mapema kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) nampa nafasi, aliyechaguliwa mwishoni namuweka karibu na sifuri, na kwa kawaida inakubali. Kisha anatokea Puka Nacua. Chaguo la 177 mwaka 2023, raundi ya tano. Kupp, mwenzake kwenye timu, akaanza msimu huo akiwa majeruhi, kiti kikawa wazi, na katika mechi zake mbili za kwanza kijana akadaka 10 na 15. Alimaliza na pasi 105 na yadi 1,486, rekodi kwa mgeni wakati ule. Kwenye faili langu la Agosti ile jina lake halikuwepo. Halikuwa na namba ndogo, halikuwepo.

Na kwa kuwa tumeshafika kwenye aibu, nimalizie ya 2020. Michael Thomas wa New Orleans alikuwa ametoka kudaka pasi 149 mwaka 2019, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Zamani hizo nilikuwa naandika mechi zote kwa kila mtu. Nilimpa pasi 130, nikajipiga kifua, nikamchagua wa kwanza kwenye ligi yetu ya fantasi na kuwaambia wenzangu wanaweza kunilipa mapema. Mechi ya kwanza tu akaumia kifundo cha mguu. Alicheza saba, akadaka 40, tachidauni hata moja hakufunga. Tangu hapo kila namba yangu ina ndugu wawili, mmoja chini na mmoja juu. Ya Chase ni yadi 1,370, lakini ukisoma faili lenyewe utakuta 950 upande mmoja na 1,700 upande wa pili, na nadhani mara nane katika kumi atatua humo ndani. Watu hawapendi. Wanataka namba moja waichape kwenye skrini. Mimi nikitoa namba moja bila ndugu zake ninakuuzia ile ya katikati, na ya katikati ni mwaka ambao karibu haupo.

Nilimtumia shemeji maelezo haya yote kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja. Akajibu kwa sekunde sita: "Nimekuelewa. Sasa nimchague au nisimchague?"

Mchague. Ukiwa wa kwanza kuchagua, mchague huyohuyo, na usiangalie nyuma. Wale wengine wote nimewashusha vilevile, na kwenye karatasi yangu hakuna anayerushiwa 147 akazitumia kama yeye.