Utando unaozeeka ukiwa kabatini

Watu wakisikia natenganisha gesi kwa plastiki wanawaza chujio la chai, gesi ndogo ipite kwenye vitundu kubwa ibaki. Hapana bana. Utando wangu hauna vitundu, nikikuta hata katundu kamoja siku imeharibika, gesi zote zinapita hapohapo bila kubaguana. Inavyokuwa ni hivi: gesi inayeyuka ndani ya plastiki upande wenye presha, inarukaruka kwenye vijinafasi kati ya minyororo ya polima, yaani zile molekuli ndefu zinazounda plastiki, halafu inatokea upande wa pili.

Ugomvi uko kwenye saizi, chukua mfano wa kutenganisha kabonidioksidi na methani. Kabonidioksidi ina upana wa kama nanomita 0.33, methani 0.38, yaani tunagombania 0.05! Mpira laini hauwezi kubagua vizuri kwa saizi, minyororo yake inachezacheza mno. Polima ya hali ya kioo imekakamaa ndo maana inaweza. Tatizo ikikakamaa huku imebanana gesi haipiti, na hapo florini inaokoa jahazi: kwenye poliimidi za 6FDA, jamii moja ya plastiki ngumu zenye florini, kuna vifundo vya CF3, kaboni moja na florini tatu, vimetoka pembeni kama viwiko vya abiria kwenye daladala, minyororo inashindwa kubanana.

Ukizidisha unafika kwa Teflon AF 2400, ndugu yake teflon ya kikaangio ila yenyewe inang'aa kama kioo na karibu theluthi ya ujazo wake ni nafasi tupu. Gesi inapita kwa fujo, ila ubaguzi wake wa kawaida tu. Robeson, mtafiti wa utando wa polima, alishauchora mkasa huu 1991 akaurudia 2008, ukiongeza kasi unapoteza ubaguzi. Polima zilizojaa florini zinaponea kwenye kutenganisha heli na methani, kwa sababu methani haipendi kuyeyuka ndani yake na heli ni kadogo, inapenya tu. (Heli ya kule Rukwa iliyotangazwa 2016 imechanganyika zaidi na nitrojeni, hiyo ni hesabu nyingine.)

Sasa kilichonitoa jasho. Nilipima utando mwembamba, chini ya maikromita moja, namba tamu kweli, nikauweka kabatini nikaendelea na mambo mengine, baada ya mwezi naurudia naona gesi inapita kidogo sana nikaanza kulaumu mashine, nikabadilisha mpaka oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji. Kumbe mashine ni nzima. Utando ndo ulikuwa umezeeka! Haujaoza, haujachanika, ni kama gunia la mkaa, likitoka porini limejaa hewa likifika mjini limeshuka. Minyororo inajipanga polepole, nafasi zinapungua, ubaguzi unapanda kidogo na kasi inakufa. Na kinachouma, mwembamba unazeeka haraka kuliko mnene, wakati wembamba ndo tunautafuta.

Siku hizi kila kipande nakiandikia tarehe ya kuzaliwa kwa maka penseli, na mtu akiniletea namba kali namuuliza kwanza, ulikuwa na siku ngapi?