Safari ndefu kwa gari la kulala: yanayosemwa kuhusu kuharibikiwa na kuchelewa, na ukweli wake

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu Nairobi, Arusha au Dar es Salaam ameng'oa viti vya Hiace, akaweka godoro, jiko la gesi, tenki la maji na paneli ya sola juu ya paa, akapanga kwenda kusini mpaka Cape Town. Nafurahi sana kuliona hilo. Barabara zetu ndefu tumezoea kuzipita ndani ya basi tukiwahi msiba, kazi au sikukuu. Wachache wetu wamezipita taratibu kwa ajili ya kuziona tu. Ila maswali ya wanaojiandaa ni yale yale, na nyuma ya mengi kuna imani kwamba gari likiandaliwa vizuri safari haitachelewa. Itachelewa. Safari ya namna hii huharibiwa na tarehe zilizobana kuliko na gari bovu.

Mfano wangu utakuwa zaidi njia ya kusini: barabara kuu ya TANZAM kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kisha Zambia mpaka Kazungula, mpakani na Botswana.

"Dar mpaka Tunduma ni siku moja tu"

Kwenye ramani ni takriban kilomita 930, lami mwanzo hadi mwisho. Mtu anagawanya kwa 90, anapata saa kumi na kidogo. Hesabu hiyo haina vijiji. Sheria ya Tanzania inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, vijiji vya barabara hii vimefuatana, na askari wenye tochi za kupima mwendo wapo kazini. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inakatiza kilomita 50 hivi kati ya wanyama, na huko nako mwendo umewekewa kikomo, na ukigonga mnyama unalipa faini kulingana na aina yake. Mbele kuna mlima Kitonga, ambako lori moja lililosheheni linaweza kuvuta foleni nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na ikiwa umejenga gari lako juu ya lori dogo, likafika tani 3.5 au zaidi, nawe unatakiwa kuingia mizani.

Ukijumlisha kula, kujaza mafuta na kusimamishwa, kilomita 300 hadi 350 kwa siku ndicho kipimo cha haki. Juu ya hapo acha siku tupu kila wiki, isiyo na kazi yoyote kwenye ratiba. Anayepanga 900 ndiye anayekutwa na giza nyanda za juu, na giza la barabara hii linaua: lori limekufa nusu ya njia, halina taa, onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa lami mita chache nyuma yake.

"Gari jipya halikusumbui"

Hapa wengi wanapoteza pesa. Magari mapya ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa kupata moto wa mwendo mrefu wa kasi. Yanatarajia pia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliingia kwenye kiwango cha 50 mwaka 2015, hatua kubwa na nzuri kwa mapafu yetu, lakini 50 si 10. Sasa weka gari hilo kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa, siku tatu mfululizo. Chujio linajaa, taa inawaka, gari linapunguza nguvu lenyewe, na fundi wa Makambako hana kompyuta ya kulifungua. Yale yanayotumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, yana shida nyingine: kikiisha na ukaendelea kupuuza onyo, injini itakataa kuwaka. Hakipatikani kila kituo cha mafuta.

Hiace ya zamani yenye injini ya 3L au 5L haina mbwembwe hizo. Pampu yake ni ya kimakanika, na kuanzia Kariakoo hadi Lusaka kuna fundi aliyekwisha kuifungua. Sisemi gari kuukuu haliharibiki. Linaharibika mara nyingi zaidi, lakini linatengenezeka pale pale lilipofia, na katika safari ya miezi hilo lina thamani kuliko kutoharibika.

Tena injini yenyewe si mkosaji mkuu. Kinachokufa ni mipira ya maji, feni belti, bushi, shokapu, beringi za magurudumu, vichwa vya betri na matairi. Uzito ndio chanzo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza betri, mbao, kabati, friji na watu, na springi zilizoundwa kwa abiria zinabeba mzigo huo usiku na mchana bila kushusha hata kituo kimoja. Pima gari likiwa limejaa kabla ya kuondoka. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya kukanyagia) nzuri na mpira uliozeeka.

"Mteremkoni weka nyutro uokoe mafuta"

Hii nataka ife kabisa. Injini ya dizeli, na ya petroli yenye EFI (mafuta yanayopulizwa kwa umeme), ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, haichomi karibu chochote. Ukiweka nyutro inabidi ichome ili isizimike. Kwa hiyo hata hicho kidogo unachodhani unaokoa hakipo, na umeipoteza breki ya injini. Kazi yote inabaki kwa breki za miguu. Zinapata moto, mafuta ya breki yaliyokaa miaka na kunyonya unyevu yanachemka, na kanyagio linazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Kitonga na mteremko wa Inyala, Mbeya, zimezika watu wengi. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, tumia ile ambayo ungepandia, na breki ziguse kwa vipindi. Mafuta ya breki badilisha kabla ya safari. Ni kazi ndogo.

Kupanda nako kuna kosa lake. Gari likichemsha, watu hukimbilia kufungua rejeta na kumwaga maji baridi. Mfuniko huo unashikilia maji yenye joto kupita kiwango cha kuchemka. Ukiufungua yanaruka usoni. Na maji baridi juu ya chuma kilichopata moto yanaweza kupasua silinda hedi, ukabadilisha tatizo la mpira wa maji kuwa la injini nzima. Simama, zima, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi. Ukiona kipimo kinaanza kupanda kabla hakijafika pabaya, washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue madirisha. Inatoa sehemu ya joto la injini. Utatoka jasho lakini utafika juu.

"Ukiharibikiwa porini umekwisha"

Porini kwetu kuna watu. Dereva wa lori atasimama, utingo atashuka na spana, na bodaboda atatokea njia ambayo hukuiona akuulize unahitaji fundi wa nini. Mgeni kutoka nje anashangaa. Sisi tunasahau kwamba ndio utajiri mkubwa wa barabara hizi.

Kazi yako ni kutomsababishia mwingine ajali. Sogeza gari nje ya lami ukiweza, weka pembetatu mbili za kuakisi mbali mbele na nyuma, na ukiongeza matawi au mawe hakikisha umeyaondoa kabla hujaondoka. Jiwe lililoachwa lamini na aliyekwisha kutengenezewa gari humngoja mwenye pikipiki usiku. Mikumi ni tofauti: usishuke kutembea kutafuta mtandao, kaa ndani na usimamishe magari yanayopita.

Kuhusu spea, mfumo wetu unafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyoamini. Fundi anafungua kifaa kibovu, mnapiga picha pamoja na namba yake, unamtumia mtu Kariakoo au, kwa upande wa Kenya, Kirinyaga Road, Nairobi. Ananunua, anakabidhi ofisi ya basi kama kifurushi, anakutumia namba ya gari na ya kondakta, na kesho yake unakipokea stendi. Anayesafiri bila mtu wa kumnunulia spea mjini amesahau kifaa muhimu kuliko jeki. Kifaa kibovu usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea. Mara nyingi kinachofika kinafanana tu na ulichotaka. Na bei ya ufundi mkubaliane kabla spana haijagusa nati, kwa heshima, ukimwita fundi kwa jina lake. Ukimharakisha mtu aliye chini ya gari lako ili uwahi hoteli uliyolipia Livingstone, usishangae boliti moja ikibaki haijakazwa.

"Bima na vibali nikishalipa mpakani nimemaliza"

Kadi ya Njano, bima ya gari ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), inatambuliwa Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na kwingine, na Tanzania imebaki ndani ya mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini inamlinda mtu wa tatu uliyemuumiza au kumharibia mali. Haivuti gari lako wala hailipi fundi. Botswana haimo, unalipia ya kwao mpakani.

Jambo linalowauma waliokwama ni kibali cha muda cha kuingiza gari nchini. Siku zake zinaendelea kuhesabiwa hata gari likiwa juu ya mawe bila gia boksi. Nenda ofisi ya forodha iliyo karibu kabla hakijaisha, ukiwa na barua ya gereji na risiti, uombe kiongezwe. Ukienda kabla unaomba muda. Ukienda baada unajitetea.

"Foleni ya Tunduma itanila siku mbili"

Foleni ile ya kilomita ni ya malori yanayosubiri kusafishiwa nyaraka za mizigo. Gari dogo linaipita, kwa uangalifu, mpaka kwenye kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Kinachochukua muda ni malipo ya upande wa Zambia, likiwemo la hewa ukaa, kila moja dirisha lake. Fika asubuhi, weka kadi ya chanjo ya homa ya manjano karibu, na usimpe pasipoti kijana asiye na kitambulisho. Kazungula nako watu bado wanaogopa vivuko vya zamani, wakati daraja la mita 923 lilifunguliwa Mei 2021. Ukivuka kuingia Botswana tarajia kuulizwa nyama mbichi na kukanyaga dawa kwa viatu, kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe. Kwa hiyo pika nyama yote Zambia.

"Jiko la mkaa ndani, dirisha wazi kidogo, halina neno"

Lina neno, nalo ni kifo. Juni na Julai Makambako na Njombe kuna baridi ya kweli, na aliyekwama humo akiwa amejiandaa kwa joto la Dar hushawishika kuingiza jiko ndani ya gari. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mkaa usiotoa moshi hutoa vilevile. Aliyelala haamki. Dirisha lililofunguliwa kidogo haliwezi kukuhakikishia chochote kwenye chumba kidogo kama hicho. Jiko la gesi ni la kupikia mlango ukiwa wazi, si la kuota moto, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Nunua mablanketi mazito stendi, na king'ora cha hewa hiyo ukikipata kifunge karibu na kitanda. Hapa sina mjadala na mtu.

"Siku ya kukwama ni siku iliyopotea"

Waliokwama Iringa wakisubiri gia boksi hukaa gereji wakitazama saa, jambo lisilomsaidia fundi. Kilomita 20 hivi kutoka hapo, barabara ya Mbeya, ni Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Upande mwingine ni Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Aliyekwama Vwawa apande bodaboda kwenda kuona kimondo cha Mbozi, chuma cha angani kinachokadiriwa tani 16. Na wanaoshuka kutoka Arusha kupitia Dodoma, gari likiwafia Kondoa, wana michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kote huko utapata mtu wa kukutembeza, na simu ya fundi utaipokea ukiwa huko huko.