Je, wajua? Kupima pande zote nne za kiwanja hakutoshi kukupa eneo lake

Dalali akikwambia kiwanja ni "20 kwa 30", akili inakimbilia 600 papo hapo. Unaenda na tepu, unakuta kweli pande mbili zinazokabiliana zina mita 30 na nyingine mbili zina mita 20. Bado huna uhakika wa mita za mraba 600. Huenda ni 480. Huenda ni 300. Vipimo vyote vinne ni sahihi, ila eneo halijajulikana. Inawezekanaje?

Chukua fito nne, mbili ndefu zinazolingana na mbili fupi zinazolingana, uziunge kwa msumari mmoja tu kwenye kila kona. Sukuma kona moja kwa kidole. Fremu inalala upande. Hakuna ufito uliorefuka wala uliofupika, mzingo ni uleule, lakini nafasi ya ndani inazidi kubanwa, na ukiendelea kusukuma fito zinakutana na eneo linaisha kabisa. Seremala analijua hili bila kuandika hesabu yoyote, ndiyo maana geti la mbao hulipigilia ubao wa mshazari kutoka kona hadi kona. Sasa jaribu kwa fito tatu: pembetatu haisukumiki. Urefu wa pande tatu unalifunga umbo lake, lakini urefu wa pande nne hauifungi pembenne.

Turudi kwa dalali. Tuseme kiwanja chake kimelala kidogo, kiasi kwamba ukipima moja kwa moja, kwa nyuzi 90, kutoka upande mmoja wa mita 30 hadi wa pili, unapata mita 16. Umbo hilo ni msambamba, na eneo lake ni kitako mara kimo: 30 × 16 = 480. Kwa nini tuzidishe kimo na si ule upande wa mita 20? Kata kwa mawazo pembetatu iliyochomoza mwisho mmoja, uihamishie mwisho wa pili. Unapata mstatili wa 30 kwa 16. Mita za mraba 120 zimeyeyuka na hakuna upande uliopungua hata sentimita! Kinachofichua ni kupima kona kwa kona. Mstatili halisi wa 20 kwa 30 ukiupima hivyo unapata karibu mita 36 kwa njia zote mbili. Kiwanja hiki kitakupa karibu 45 kwa njia moja na 24 kwa nyingine.

Tabia ya kuzidisha pande ni ya zamani sana. Kwenye kuta za hekalu la mungu Horus huko Edfu, Misri, lililojengwa kati ya mwaka 237 na 57 KK, yamechongwa maelezo ya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu, na eneo lilikokotolewa hivi: jumlisha pande mbili zinazokabiliana, gawa kwa 2, fanya vivyo hivyo kwa zile nyingine mbili, kisha zidisha majibu hayo. Shamba likiwa na pande tatu, ule wa nne ulihesabiwa kuwa si kitu, na kazi ikaendelea. Kwa mstatili kanuni hii haina tatizo. Kwa pembenne nyingine yoyote, jibu linazidi eneo halisi. Kama ndilo lililotumika kudai kodi, mkulima ndiye aliyeumia.

Chukua kiwanja chenye pande za mita 15, 20, 24 na 7, kwa mpangilio huo. Kanuni ya Edfu inatoa 19.5 × 13.5, yaani 263.25. Mwaka 628 BK mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliitaja kanuni hiyo kuwa ya kukadiria tu, akaweka nyingine. Nusu ya mzingo ni 33. Ukitoa kila upande kutoka hapo unapata 18, 13, 9 na 26. Ukizizidisha zote unapata 54,756, na kipeuo chake cha pili ni 234. Jibu hilo ni sahihi pale kona zote nne zinapokaa kwenye mstari wa duara moja, na ndilo eneo kubwa kuliko yote ambayo pande hizo zinaweza kuzingira. Kwa hiyo ile 263.25 si eneo la kiwanja chochote chenye pande hizo, hata ukizisukuma kona vipi.

Kwa kazi ya kawaida hakuna haja ya kipeuo. Pima ulalo, yaani mstari wa kona kwa kona. Tuseme kwenye kiwanja hiki, ule unaotenga pande za 15 na 20 na zile za 24 na 7 ni mita 25. Kutoka kila kona iliyobaki, pima umbali hadi kwenye ulalo kwa nyuzi 90: kona moja ina mita 12, ya pili 6.72. Umeshapata pembetatu mbili zenye kitako kimoja. Nusu ya 25 ni 12.5, jumla ya vimo ni 18.72; zidisha, unapata 234.

Nadhani wanafunzi wanachoshwa bure kukariri kanuni za maumbo haya kana kwamba hazina undugu. Katika rombasi (pembenne yenye pande zote nne sawa) na tiara (yenye jozi mbili za pande jirani zinazolingana), milalo inakatana kwa nyuzi 90, kwa hiyo vile vimo viwili vikiungana vinakuwa ulalo wa pili. Ndipo inapotoka "nusu ya ulalo mara ulalo". Trapeza nayo ukiikata kwa ulalo inatoa pembetatu mbili zenye kimo kimoja, ila vitako ni tofauti, ndiyo maana tunajumlisha pande sambamba kwanza.

Kiwanja kikiwa na kona iliyoingia ndani, kata kwa ulalo unaopita ndani ya kiwanja, si ule wa nje. Na kama kuna nyumba katikati inayozuia tepu, tumia ulalo mwingine. Kwenye kiwanja chetu huo una mita 20, na vimo vyake ni 4.2 na 19.2. Nusu ya 20 mara 23.4 ni 234 ileile. Ukipata jibu tofauti, tepu ililegea mahali.